Mtetemo wa Mara Tano

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Ulinikataza kuanza barua na "mimi mzima, hofu ni kwako", ukasema mwenye hofu aende akapimwe, kwa hiyo naanza na goti la Mama. Limevimba tena. Daktari amemwambia apunguze kupanda ngazi, naye amepunguza kumsikiliza daktari. Anakusalimu na anauliza kama zile soksi alizokufumia umezivaa au umezifungia waya. Majirani bado anawaambia kwamba mimi natengeneza redio zisizoshika stesheni.

Kazini nazidi kuona kinyaa. Karakana yetu iko juu ya duka la rangi, harufu inapanda kwenye ngazi mpaka chai inakuwa na ladha ya ukuta mpya. Sinki la kuoshea vikombe lina nywele, na sisi wote saba tumekana kuwa ni zetu. Lakini hayo ningeyavumilia. Kinachonitapisha ni bosi. Tunamwita Meno, maana anatabasamu hata akikufukuza.

Safari hii anataka sikwensa mpya, kipande cha sintesaiza, yaani kinanda cha umeme, kinachopiga noti hatua kwa hatua, hatua kumi na sita. Mpigaji anasukuma kisukumio, volti inachagua noti; volti ikipanda noti inapanda, ikiyumba noti inayumba. Nakueleza wewe uliyenifundisha, lakini nikiyaandika nayapanga kichwani. Kazi yangu ni tabia ya hizo volti: zikiingia, mashine itii nini, isubiri nini, ikatae nini. Meno amenijia na kikombe chake akasema, "Mashine zetu ni safi mno. Nataka hii ichafuke kidogo, lakini kwa adabu. Isikike kama mkono wa mtu." Akanishika bega. Nilienda kujipangusa.

Nimejaribu mitetemo mitatu ya kubahatisha, na yote inasikika kama mlevi anayetafuta mlango. Ndipo nikakumbuka mkono wako, ulivyokuwa ukipiga kile kinanda cha kisukumio ulichokiunda kwa mabaki ya redio za watu waliokufa kabla ya kuja kuzichukua. Hakuna mkono mwingine nilioujua vizuri hivyo.

Nakutumia kisanduku kidogo. Kina kisukumio kimoja na kadi ya kurekodi volti. Kisukumio kipeleke kwenye alama kumi na sita, moja baada ya nyingine, na kila moja uishikilie kwa kuhesabu hadi nne. Kisha nirudishie. Ni kazi ya dakika mbili, Mjomba, usiifanye ya miezi miwili.

Mpwa wako,
Waya

---

27 Machi

Mpwa wangu Waya,

Marahaba. Nimechelewa, na sababu si yako. Mwandiko huu usiushangae, meza imepoteza kimo cha mguu mmoja na kalamu za siku hizi zinatengenezwa na watu wasioandika.

Mwambie mama yako soksi zinanitosha. Mwambie pia asije. Najua anafikiria kuja, goti likipata nafuu tu ataanza kukunja nguo. Nyumba inapakwa rangi, hakuna pa kulala. Na simu asinipigie. Simu ni ya kutangaza misiba, na mimi sijapata habari ya msiba wowote.

Huku mambo ni yale yale ya kuchefua. Mfereji wa nyuma umeziba tena, maji yanatoka kijani, na wapangaji wote tunapita tukitazama juu kama tunaoangalia mvua. Mshonaji wa mlango wa pili amejipa kazi ya kuniletea supu. Anaingia bila kubisha, anaweka bakuli, anasimama. Mtu akisimama hivyo anasubiri kukuona unavyokula, na mimi sipendi kutazamwa nikila. Nimemwambia supu yake inanuka soksi. Kesho yake akaja na nyingine.

Huyo Meno wako ni mtu wa kuogopwa. Anayetaka uchafu wenye adabu hajawahi kufua nguo za mgonjwa. Lakini mkono ni mkono, umeuomba, nimekupa. Kisanduku hiki hapa. Ukiona mtetemo kwenye volti usihangaike nao, adapta yangu ni mbovu. Usafishe, utupe, ubakize noti.

Kinanda changu nimekifunika. Vumbi ni jingi msimu huu.

Mjomba wako

---

9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Goti la Mama limepungua na kelele zake zimeongezeka. Barua yako ameisoma mara mbili, ya pili akiwa na miwani. Akaniuliza, "Mbona mistari inapanda mlima?" Nikamwambia meza ina mguu mfupi. Akasema meza hiyo ilinunuliwa na baba yenu na haijawahi kuwa na mguu mfupi, kisha akaenda kuchambua mboga.

Kisanduku kimefika. Nikachomeka kadi, nikawasha skopu, ile skrini inayochora volti. Hatua zako kumi na sita zikapanda kama ngazi, na juu ya kila ngazi palikuwa na mtetemo mwembamba, mlaini, usiokoma. Nikausikiliza. Ukaingia kwenye noti, noti ikawa kama inataka kusema kitu. Nilikuwa nimenyoosha mkono niusafishe kama ulivyoniambia. Meno akatokea nyuma yangu.

"Usiguse," akasema. "Hicho ndicho! Hicho ndicho nilichokuwa nakililia!"

Macho yalikuwa yamemlowa. Siku zote anamlilia mteja, lakini safari hii naamini alikuwa analia kweli. Basi nimeubakiza. Nimeupa kizungushio chake: kikiwa katikati mashine ni safi, ukikipeleka kulia mtetemo unaingia, na ukichomeka waya kwenye tundu la pembeni, volti ya kipande kingine inaupandisha na kuushusha. Upande wa kushoto nimeuacha mtupu, hautendi kitu. Meno amekipa jina, nalo limeshachapwa kwenye bati: Mkono wa Mzee.

Nilipima, kwa mazoea tu. Unatetema mara tano kwa sekunde. Adapta mbovu hutetema mara hamsini, kama umeme wa ukutani, wewe mwenyewe ndiye uliyenipigisha hesabu hiyo nikiwa na miaka kumi na moja. Labda kuna waya umelegea. Sijui. Muda ulikuwa umebana na sikukuuliza.

Mashine zipo mbili mpaka sasa. Moja ni ya jukwaani, ya kuonyesha wateja. Ya pili nakutumia wewe, ni haki yako.

Waya

---

23 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wiki sita. Posta wanasema mzigo ulisainiwa. Sahihi niliyoonyeshwa si yako.

Mama ameacha kuuliza, na mama yangu akiacha kuuliza mimi ndiye nakosa usingizi.

Jumamosi tulionyesha mashine. Ukumbi ulijaa vijana waliovaa nguo nyeusi wanaotikisa vichwa kabla muziki haujaanza. Meno akapanda jukwaani, akapeleka kizungushio kulia kabisa. Noti zikaanza kutetema. Watu wakasema "aaa". Kisha, Mjomba, akakunja mgongo, akauinua mkono wake wa kulia mbele ya taa na kuutetemesha, akasogeza kikombe cha hewa mdomoni kama mzee anayemwagikiwa. Ukumbi mzima ukacheka. Kuna mmoja mbele yangu alicheka mpaka akatoa kamasi, akaipangusa kwenye kiti.

Nilitoka nikatapikia kwenye ndoo ya mfagiaji. Nikajiambia ni zile sambusa za ukumbini. Sikuwa nimekula sambusa.

Naomba unijibu swali moja tu, hata kwa neno moja. Adapta yako ni nzima?

Waya

---

8 Juni

Waya,

Huu si mwandiko wangu na wewe unajua. Anaandika mshonaji wa mlango wa pili, mimi nasema. Nimemwambia aandike kila neno kama lilivyo, hata yale yasiyomfurahisha.

Adapta ni nzima.

Ilikuwa nzima nilipoandika kwamba ni mbovu, nawe ulijua kwamba ni nzima. Hamsini haifanani na tano hata kwa mwanagenzi wa wiki moja. Mimi nilidanganya kwa aibu. Wewe ulikubali uongo kwa sababu ulikufaa. Sijui nani ananichefua zaidi, lakini leo mizani imelalia upande wako.

Mashine yako niliifungua kwa furaha ya kitoto. Mshonaji ndiye aliyekaza skurubu. Nikasoma lile jina, nikadhani ni heshima. Nikapeleka kizungushio kulia. Umewahi kutapika na baadaye mtu akakuwekea matapishi yako kwenye sahani ya harusi? Huo ni mkono wangu ninaouficha chini ya meza, ninaoukalia mgeni akija. Umeutoa, umeuosha, umeutia kwenye bati na tundu la pembeni, ili mtu asiyenijua aupandishe na kuushusha apendavyo. Na yule baradhuli akaucheza jukwaani. Kikombe cha hewa! Mimi changu kina chai, Waya, na inaniunguza kifua.

Sasa sikiliza jambo ambalo mama yako hajawahi kukuambia, kwa kuwa ni mwema kuliko mimi.

Baba yetu alimalizikia kwenye mtetemo huu huu. Supu ilikuwa inamwagikia ndevuni, anaramba, inamwagika tena. Mama yako alikuwa anamlisha kwa kijiko, anampangusa, anaendelea na hadithi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili na nilisikia kinyaa. Si huruma, kinyaa. Siku moja nilinyanyua sahani yangu katikati ya chakula, nikaenda kulia chumba cha pili, nikafunga mlango. Baba aliniona. Mama yako aliniona. Nilikula huko miezi minane, mpaka alipofariki. Hakuna aliyenisema.

Ndiyo maana mama yako asije. Atakuja na kijiko, atanipangusa ndevu, ataendelea na hadithi, hatanikumbusha. Heri anitukane. Meza nimeisukuma ukutani, nakula nikitazama plasta. Mguu mfupi haina, hilo nalo nilidanganya.

Usinitumie kitu tena.

Mjomba wako

*Shikamoo yangu sikudai, mwanangu. Mimi mwandishi naongeza langu, yeye amelala. Mzee ameambiwa dawa ipo ya kupunguza, anaimeza siku akikumbuka na siku akitaka. Kinanda chake hajakipigia wimbo tangu mwaka jana. Anakifunua, anaweka mkono, noti zinarukaruka kama mafuta ya moto, anakifunika. Mashine yako hajaitupa kama anavyotaka uamini. Kila jioni anaiwasha, kizungushio kikiwa katikati, inapiga yenyewe, yeye anasikiliza tu na mikono ameikalia. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki nimkute. Supu yangu hainuki soksi.*

---

30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Umesema nisitume kitu na nimetuma. Ukimaliza kunitukana, soma.

Nilijua. Sio kwamba nilihisi, nilijua, tangu skopu ilipochora wimbi la kwanza. Nilihesabu mara mbili, nikaona tano, nikamkumbuka Mama akisimulia mikono ya Babu. Halafu Meno akasema "hicho ndicho", na kwa miaka minne katika karakana ile hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nikaandika "labda kuna waya umelegea". Najitazama kwenye kioo nikipiga mswaki na naona mtu wa hovyo. Sina cha kuongeza hapo.

Nilimwambia Meno mkono ule ni wa nani na kwa nini unatetema. Tabasamu lilimtoka, mara ya kwanza nikaona midomo yake inavyoonekana bila kazi. Nikadhani amepata aibu. Akafikiri kidogo, akasema, "Pole sana. Lakini tukiiweka hiyo hadithi kwenye kijitabu cha mashine, si itauzika zaidi?"

Nilirudi mezani kwangu nikaufuta mtetemo kwenye mashine ya jukwaani. Ukiacha iliyo ndani ya mashine yako, nakala nyingine ilikuwa moja tu, ile kadi uliyonitumia, nayo imo ndani ya bahasha hii. Ni mkono wako, uufanye unavyotaka. Meno ameniambia nisirudi Jumatatu. Alitabasamu.

Kabla ya kuondoka nilikaa siku tatu na ule upande wa kushoto niliouacha mtupu. Nilijiona mjinga. Nilikuwa nimetumia miezi kufundisha mashine itetemeke, na sikuwahi kufikiri kuifundisha isitetemeke. Kipande hiki kidogo ndicho nilichokitengeneza. Kinaingia nyuma ya mashine yako kwenye nafasi ya kile cha zamani, ambacho ndicho kina mtetemo, hicho ukitupe. Mwambie mshonaji, skurubu ni mbili.

Kinafanya hivi. Ukipeleka kizungushio kushoto, mashine inaacha kutii kila volti inayoijia. Ikishika noti inaing'ang'ania. Volti ikiyumba kidogo kulia na kushoto, haijali. Mpaka iondoke pale kweli, ivuke mpaka wa noti hiyo kwa umbali wa kutosha na ikae huko kidogo, ndipo noti inahama. Ukizidi kwenda kushoto, inazidi kuwa kaidi. Kipimo cha ukaidi wake nimekichukua kwenye mkono wako, kwa kuwa sina mwingine.

Na jambo hili ndilo lililonifanya niandike. Niliipitisha rekodi yako humo, kizungushio kushoto kabisa. Zikatoka noti kumi na sita, zimenyooka, kila moja imekaa hesabu ya nne. Hukukosea hata moja. Chini ya ule mtetemo mkono wako ulikuwa unajua kila mahali pa kwenda. Ni mimi niliyetazama uchafu wa juu tu nikausifia.

Hairekebishi kikombe. Najua.

Mama sijamwambia kitu. Yuko chumba cha pili anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Habari hiyo ni yako, si yangu, nimeshabeba vitu vyako vya kutosha bila ruhusa.

Waya

---

21 Julai

Waya,

Marahaba. Huu ni mwandiko wangu. Umenichukua siku tatu na karatasi tano, kwa hiyo usome polepole. Mistari inapanda mlima kwa sababu mkono unatetema. Basi, nimeandika.

Kadi niliivunja kwa koleo. Ilinichukua muda, koleo nalo halitaki kutulia. Mshonaji alikaza skurubu zako mbili, kisha akasimama pale pale anaposimamaga na bakuli.

Nikapeleka kushoto. Nikaweka kidole kwenye kisukumio. Kidole kikaanza ujinga wake, nami nikakaza meno nikisubiri noti zirukeruke. Noti ikakaa. Kidole kinacheza, noti imekaa. Nikasukuma kwenda ya pili, ikangoja, ikaona kweli nimeondoka, ikahama. Nikazipiga zote kumi na sita na kurudi. Nililia, na nachukia kulia, pua inajaa na mkono hauwezi kuipata kwa haraka. Mshonaji akanipangusa kwa kipande cha bitana. Nikamwambia kitambaa chake kinanuka mafuta ya cherehani. Akasema ni kweli, na akaendelea kupangusa.

Usidhani nimekusamehe lote. Lile jina kwenye bati nimelikwaruza kwa msumari na pamebaki alama mbaya. Iache ibaki. Nimefurahi Meno kakufukuza. Ukitaka kutengeneza kile kipande cha kushoto kwa watu wengine, hapa pana chumba, pana risasi ya kulehemu ya miaka yote niliyofanya kazi, na harufu ya mfereji utaizoea. Wapo wengi wanaokalia mikono yao. Mmoja ni fundi saa wa barabara ya chini, anajidai amestaafu.

Bado najichukia nikila. Kijiko hakina kizungushio. Jana supu iliingia kwenye mkono wa shati mpaka kiwiko, ikapoa humo, nikaona kinyaa kile kile cha nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, safari hii sina chumba cha kukimbilia. Tofauti ni kwamba mshonaji alikuwa ameketi mbele yangu. Alikuwa anakula ya kwake na kulalamika juu ya mteja aliyenenepa kabla ya kuja kuchukua suti.

Nimemwandikia mama yako barua yake mwenyewe, iko ndani ya hii, imefungwa. Nimemwandikia habari za mkono, na za baba, na za sahani. Akimaliza kuisoma atakuja hata kama goti limevimba kama tikiti, kwa hiyo mshike mkono kwenye ngazi.

Rangi haikupakwa, nafasi ya kulala ipo. Meza ya baba nimeitoa ukutani na kuirudisha katikati, na viti vinne vimeizunguka. Mwambie mama yako akae anapotaka. Safari hii sihami.

Mjomba wako